Trekta Chini ya Kitambaa cha Buluu

Hotuba kamili ya Mheshimiwa Orville Trethewey, Mwenyekiti wa Kata ya Salmela, jimbo la Michigan, iliyotolewa Jumanne ya wiki ya tatu ya Januari, kuanzia saa nne na nusu asubuhi, katika Ukumbi wa Kata, siku ya kuzindua rasmi trekta la kuondoa theluji katika njia za kuingilia nyumba za wazee. Pamoja na yote yaliyosikika ukumbini.

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Kata, mliopo na mliotuma udhuru, Mheshimiwa Karani, Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea pamoja na kikosi chake kizima, yaani shemeji yake, wachungaji wetu wawili wa Kilutheri, ambao nimewaketisha pande mbili za ukumbi kwa sababu zinazofahamika na kuheshimiwa tangu enzi za babu zao, Bi. Darlene Niska, msimamizi wa jiko la ukumbi, ambaye kahawa yake ni nguzo ya utawala bora. Madereva wastaafu wa malori. Wazee wetu mnaonufaika na mpango huu. Wazee wetu ambao mngalinufaika kama mngaliishi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni yule shemeji.)

Ninasimama mbele yenu nikiwa na unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, kwa tathmini iliyofanywa na ofisi yangu, haujapata kuonekana katika kata hii tangu ilipoanzishwa, kuwatangazia kwamba lile jambo mlilolisubiri kwa majira matatu ya baridi sasa limefika mahali pa kufikika. Tazameni dirishani. Kile mnachokiona kimesimama uani, kimefunikwa kitambaa cha buluu na kufungwa utepe mwekundu, ndicho kielelezo cha dira yetu.

(Watu wanageuka kutazama. Theluji inaanguka kwa wingi, na kitambaa hakionekani buluu tena.)

Ndugu zangu, msimu uliopita tulipata theluji ya inchi mia tatu na mbili. Ninapenda kuweka bayana kwamba chini ya uongozi uliotangulia hatukuwahi kuvuka mia mbili na sabini. Siwezi kujisifu, kwa kuwa sheria za Baraza zinakataza. Takwimu zenyewe zimeomba niwasomee.

Basi, Kamati Ndogo ya Uteuzi wa Trekta na Vifaa Vyake, ambayo nina heshima ya kuwa mwenyekiti wake, katibu wake na mjumbe wake wa kujitegemea, ilianza upembuzi yakinifu kwa ziara ya mafunzo ya siku tisa katika maonyesho ya mitambo huko Florida, mwezi wa Februari, ambako tulijionea matrekta yakifanya kazi katika mazingira rafiki. Tulirejea na msimamo mmoja, kwamba swali la kwanza ni ukubwa wa trekta. Trekta kubwa haliingii kwenye njia ya nyumba. Trekta dogo linaingia, lakini halitoki. Kamati ilijadili suala hili kuanzia Machi hadi Juni, ikaazimia kutafuta trekta la kadiri, na ikajipongeza.

Swali la pili lilikuwa la vifaa. Hapa ninaomba utulivu, kwa kuwa suala ni la kitaalamu. Kuna bamba la kusukumia, ambalo ni rahisi, imara, na linapendwa na walio wengi. Mzee Onni Kemppainen, mkata miti wetu mstaafu, aliitwa mbele ya Kamati kama mdau, naye akatoa maoni ambayo yapo kwenye kumbukumbu.

(Sauti ya Mzee Onni kutoka nyuma: Nilikuuliza ukishasukuma mpaka Januari, kingo zote zimejaa, njia imebaki nyembamba kama ukanda, theluji inayofuata utaisukumia wapi, mheshimiwa? Mfukoni? Vicheko.)

Asante, Mzee. Maoni hayo yalipokelewa. Kuna pia beleshi kubwa la mbele, ambalo huchota na kumwaga, lakini bila uzito wa kutosha kufungwa nyuma na minyororo kwenye magurudumu, trekta huinua mkia kama bata anayetafuta chakula. Na kuna mashine ya kurushia theluji, ambayo huila na kuitupa mbali uwanjani, nayo ni ya aina mbili. Ile ya mbele humwezesha dereva kutazama aendako. Ile ya nyuma ni nafuu, ila dereva huendesha kinyumenyume akiwa amepinda shingo asubuhi nzima. Kwa kuzingatia afya mahali pa kazi, tuliunda Kamati Ndogo ya Shingo. Ripoti yake inatarajiwa.

Aidha, ilibainika kwamba njia nyingi za nyumba zetu ni za kokoto, na kwamba mashine isiponyanyuliwa inchi moja kwa viatu vya chuma, yaani vile vyuma viwili vinavyoibeba chini, hadi ardhi igande, itarusha kokoto badala ya theluji. Wajumbe wawili wa Baraza walitaka kujua kokoto hizo zitaangukia wapi. Mchungaji mmoja alisema madirisha ya kanisa lake yapo upande ule. Mchungaji mwingine alisema haoni tatizo.

(Vicheko vya upande mmoja wa ukumbi.)

Baada ya kupima hoja zote, Kamati ilifikia uamuzi wa kihistoria, kwamba tusichague. Trekta la Kata ya Salmela litakuwa na bamba mbele na mashine ya kurushia nyuma, ili lisukume na kurusha kwa wakati mmoja. Fundi mmoja alitushauri kwamba ili jambo hilo litendeke, trekta litalazimika kwenda mbele na nyuma kwa pamoja. Tumemwomba aliweke hilo kwa maandishi.

Sasa ninafika kwenye mafanikio. Mwezi wa Oktoba, kabla theluji haijaanguka, tulitekeleza awamu ya kwanza kwa asilimia mia moja. Nyumba arobaini za wazee, pamoja na ukumbi huu kwa kuonyesha mfano, zilipigiwa vigingi vyenye rangi ya chungwa, viwili viwili mdomoni mwa njia, vyenye nembo ya kata, ili dereva wa trekta ajue kingo ziko wapi. Nanyi wananchi mmeonyesha nidhamu ya kupigiwa mfano. Sote tunajua adabu ya hapa kwetu, kwamba mwenye trekta humsafishia jirani bila kuombwa, lakini kamwe hagusi njia iliyopigiwa vigingi vya mtu mwingine, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba hawezi kazi yake. Tangu Oktoba hadi leo hakuna raia hata mmoja aliyegusa njia yenye kigingi cha kata. Hata mmoja. Hiyo ndiyo imani ya umma, ndugu zangu, imepimwa na kuthibitika.

(Bi. Darlene Niska anaweka birika la kahawa mezani na kusimama.)

BI. DARLENE: Mheshimiwa, samahani. Bibi Impi yumo ndani tangu Alhamisi.

Bi. Darlene, utaratibu ni kwamba maswali—

BI. DARLENE: Siyo swali. Gari la hospitali lilikuja Jumamosi, likakuta theluji imefika kiunoni, likageuka. Yule mama huoshwa damu mara tatu kwa wiki, figo zake hazifanyi kazi. Leo ni siku ya tano. Gari linarudi saa saba. Likigeuka tena, hatuna la kusema.

(Minong'ono. Wote wanatazama dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya kijani ya Bibi Impi Ruonavaara. Moshi unatoka kwenye bomba. Njia haionekani, vinaonekana vichwa vya vigingi viwili vya rangi ya chungwa.)

Ninamshukuru Bi. Darlene kwa mchango wake mzito. Ninapenda kumhakikishia kwamba Bibi Impi ni nambari ya nne katika orodha ya wanufaika, nafasi ya juu sana, na kwamba ofisi yangu haijapokea barua yoyote ya malalamiko kutoka kwake.

(Sauti: Sanduku lake la barua limefukiwa. Sauti nyingine: Na lori la kusafisha barabara likamwongezea ukuta mwingine wa theluji leo alfajiri.)

Hilo la lori ni la mamlaka ya wilaya, si letu. Tusichanganye ngazi za utawala. Ninachosema ni kwamba kabla ya mpango huu Bibi Impi alitegemea hisani isiyo rasmi. Kwa miaka kumi na tisa, tangu mumewe afariki, njia yake ilisafishwa na mtu binafsi, kwa trekta binafsi la mwaka 1951, bila fomu, bila ratiba, bila bima, kwa malipo ya mkate wa iliki. Leo ameondokana na utegemezi huo. Leo yumo ndani ya mfumo.

(Mzee Onni Kemppainen amesimama. Ameshika kofia mkononi. Inaelezwa hapa kwamba mzee huyu hajapata kusimama katika kikao chochote cha kata.)

MZEE ONNI: Mheshimiwa, nina neno moja tu. Vile vigingi pale kwa Impi, ni vyako au si vyako?

Ni mali halali ya kata, Mzee.

MZEE ONNI: Basi sema umeshindwa na ile njia moja. Ile moja tu. Ukishasema, naenda, na sitalitaja tena mahali popote.

(Mheshimiwa anakunywa maji.)

Mzee Onni, ninakuheshimu kama baba. Lakini Mwenyekiti hawezi kutamka, siku ya uzinduzi, mbele ya utepe, kwamba kata imeshindwa kufanya kazi ambayo bado haijaianza. Kushindwa huja baada ya kuanza. Hiyo ndiyo mantiki ya mpango kazi. Ninakuomba uketi.

(Mzee Onni haketi. Bi. Darlene anavua aproni, anavaa koti la mtu aliye karibu, anatoka. Mlango unabaki wazi na theluji inaingia hadi safu ya tatu.)

Tuendelee. Nikirejea kwenye takwimu, vigingi themanini na viwili vimesimama, vigingi sifuri vimeanguka, na kiwango cha kuridhika kwa wananchi kimepimwa kwa sampuli ya watu wanne, akiwemo mke wangu, kikapatikana kuwa cha kuridhisha. Katika awamu ya pili tutachagua rangi ya trekta. Zipo rangi tatu zinazopendwa, na kila ukoo una yake, na kuna ndugu hapa hawajasalimiana tangu mmoja wao aliponunua la kijani. Kamati imependekeza rangi ya nne. Katika awamu ya tatu tutajenga banda, na katika awamu ya nne tutaunda kamati ya—

(Bi. Darlene anarudi. Theluji imemfika kiunoni. Amebeba vigingi viwili vya rangi ya chungwa kwapani, anavilaza juu ya meza ya Mheshimiwa, kando ya hotuba.)

BI. DARLENE: Hivi hapa vyako, havijavunjika. Pale kwa Impi sasa hapana kigingi cha mtu.

Bi. Darlene, huu ni uharibifu wa miundombinu. Bila vigingi dereva atajuaje kingo za njia?

MZEE ONNI: Miaka kumi na tisa, mheshimiwa. Naijua hata nikifumba macho.

(Anavaa kofia. Anatoka. Watu wa safu za nyuma wanafuata, kisha za katikati, kila mmoja akichukua beleshi lake mlangoni. Wachungaji wawili wanatoka kwa mlango mmoja, kwa wakati mmoja, jambo ambalo halina kumbukumbu.)

Ninafurahi kuona mwamko huu. Ni dhahiri kwamba wananchi wameguswa na hotuba kiasi cha kushindwa kuketi, na sasa wanakwenda kulitazama trekta kwa karibu. Ninawasihi wasiondoe kitambaa kabla mpiga picha hajafika.

(Injini inawaka uani, inakohoa mara mbili, inashika. Kitambaa cha buluu kinapita dirishani, kikiburuzwa na watu. Nyuma yake linapita trekta jekundu, la zamani, lenye minyororo magurudumuni na utepe ukipepea. Linavuka barabara.)

Kwa kuwa muda umekwenda, ninafunga kwa kaulimbiu zetu, na ninaomba mliobaki mnijibu. Salmela bila theluji! Inawezekana!

(Aliyebaki ni shemeji. Anajibu.)

Kigingi kwanza, trekta baadaye!

(Shemeji anatazama dirishani, kisha anachukua beleshi la mwisho na kutoka.)

Hatimaye, shukurani. Ninamshukuru Karani kwa kupiga chapa hotuba hii mara sita. Ninamshukuru mke wangu kwa kitambaa, ambacho ni pazia letu la sebuleni. Na kwa namna ya pekee ninamshukuru Mzee Onni Kemppainen, aliyekubali kutuazima trekta lake lisimame uani kwa saa mbili, likiwa limefunikwa, kwa ajili ya picha, maana la kata, kama nilivyolieleza Baraza katika vikao kumi na vinne, bado liko katika hatua ya kuchaguliwa, na fungu lake lilikwisha huko Florida. Anaombwa tu alirejeshe likiwa na utepe wake. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Ukumbi ni mtupu. Saa saba kasoro dakika tano gari la hospitali linaonekana likiingia kwa Bibi Impi hadi mlangoni. Anatoka ameshikwa mkono, na mkate umefungwa kwa kitambaa chini ya kwapa. Lori la barabara linapita kwa kasi na kuacha ukuta wa theluji mdomoni mwa njia ya ukumbi, ambamo limo gari moja tu, la Mheshimiwa, katika nafasi iliyotengwa kwa ajili yake. Mheshimiwa anafungua dirisha na kumwita Mzee Onni, anayerudi taratibu na trekta lake, kwamba amsaidie pale mdomoni, ni kazi ya dakika mbili. Mzee Onni anapunguza mwendo, anavitazama vigingi viwili vya rangi ya chungwa vilivyosimama tangu Oktoba, kimoja kila upande wa njia ya ukumbi, vyenye nembo ya kata.)

MZEE ONNI: Pana vigingi hapo, mheshimiwa.

(Anaendelea na safari yake.)