Jino la Umda na Wiki Yenu ya Kusoma

Kafr Shihab, Jumamosi

Kwako Mwalimu Mkuu, Abla Inshirah,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa kinyozi anayemnyoa mume wako kila Alhamisi, na ambaye mpaka wiki iliyopita hakuwa na ugomvi na shule wala na kitabu chochote.

Nakuandikia kuhusu hiyo Wiki ya Kusoma mnayomfanyia marehemu Ustadh Wahdan Rizq, fahari ya mji wetu. Awe fahari, sikatai. Kwa miaka themanini tumemheshimu vizuri kabisa: tumempa barabara, tumempa sanamu, na hakuna mtu aliyemsoma. Tuliishi kwa amani. Nyinyi ndio mmeivuruga.

Katika kitabu chake kuna kinyozi ambaye, kama kila mzazi anavyojua sasa, alimng'oa umda, mkuu wa mji, jino zima akaliacha lile bovu. Enzi hizo kinyozi ndiye aliyeng'oa meno, akatahiri na kuumika. Kinyozi huyo ni babu yangu, Shihata. Ustadh hakujisumbua hata kumbadilisha jina! Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Watoto wakipita dukani kwangu wanashika mashavu na kupiga kelele, "Fundi, jino lipi?" Mimi sing'oi meno. Sijawahi.

2. Wakubwa nao wameambukizwa. Bishbishi muuza jibini, mtu mzima mwenye wajukuu, jana alikaa kitini akaniambia, "Fundi Zakariya, nakuomba, kichwa ninacho hiki kimoja tu, usije ukakosea." Duka zima likaangua kicheko. Nilipomaliza nilimwambia "Naiman", tunavyomtakia neema kila aliyenyolewa, lakini moyoni sikumtakia neema yoyote.

3. Binti yangu Gamila, wa darasa la tano, katika mchezo wa sherehe yenu mmempa aigize jino. Si umda, si mke wa umda. Jino! Tena lile zima. Ameshonewa shuka jeupe, anazunguka nyumbani akilalama kwa sauti ya jukwaani, "Ewe Shihata, mimi nimekosa nini?" Huyo ni baba wa babu yake anayemlalamikia. Mama yake anacheka mpaka anamwaga chai.

4. Kibaya zaidi, watoto wamenogewa, wanataka vitabu vingine. Abla, umefikiria hili litatufikisha wapi? Ustadh aliandika vitabu kumi na vinne, na mji huu una familia nyingi. Babu wa mume wako alikuwa mpima mashamba. Unajua kaandikwa nini? Mimi sijui. Ila najua kwamba watu wasiposoma, sote hapa ni wajukuu wa watu wema.

Kwa hiyo naomba sherehe ifutwe, vitabu virudi kabatini vilikokuwa vimetulia, na watoto wapewe mpira. Ikishindikana, wasome habari za nyota au za Wafaransa, watu ambao hawapiti mbele ya duka langu.

Nisalimie walimu wote, bawabu Amm Disuqi na mgongo wake, na mumeo, ambaye nitaendelea kumnyoa bila kinyongo.

Ni mimi niliyedhulumiwa kwa maandishi,
Zakariya Shihata, kinyozi

Nyongeza: Nilipokuwa nafunga bahasha, Gamila akaniuliza, "Kwani wewe baba umekisoma?" Nikamgombeza. Kisha nikaenda nacho dukani nikakisoma. Kumbe nyinyi mnaigiza sura tatu za kwanza tu! Katika sura ya mwisho kipindupindu kinaingia, wenye farasi wanakimbia, Shihata anabaki. Anawanyoa na kuwaosha maiti ambao ndugu zao wenyewe waliogopa kuwagusa. Wa mwisho ni umda. Anamnyoa polepole, anamfunga taya kwa kilemba chake mwenyewe, anamwambia, "Nisamehe lile jino, bwana wangu." Baba hakuwahi kunisimulia haya. Nimelia, Abla, mbele ya Bishbishi aliyekuwa kitini na povu la sabuni usoni. Akaniuliza nina nini. Nikamsomea, naye akalia, na povu lake.

Basi sherehe isifutwe, iongezwe siku. Wasomeeni mpaka ukurasa wa mwisho. Gamila abaki jino. Wembe wa babu ninao, nitauleta mwenyewe. Na kama hamjapata wa kuigiza Shihata, mimi kazi naijua.