Kengele ya Futari Iliyolitangulia Jua

Jumatatu, 10 Machi

Bismillahi. Naandika mlango umefungwa. Mke wangu Mwanaharusi anadhani napiga mahesabu ya vitambaa.

Twalha, muuza tende, amechapisha ratiba ya Ramadhani yenye picha yake. Picha kubwa kuliko saa za swala! Imebandikwa Musoma nzima, hata kwenye banda langu la cherehani. Nani kaibandika? Simjui, Mungu anamjua.

Mimi niliishia la saba ila si mjinga. Karatasi inachanika. Natengeneza programu ya simu: jua likizama, kengele inalia, mtu anafuturu. Jina, Futari Chap. Mtandaoni kuna zana ya kutengenezea, huandiki msimbo wowote wa kompyuta. Unaburuta vipande kwa kidole, kama kupanga mifuko kwenye kanzu.

Ee Mola, niepushe na kujionyesha. Lakini jina langu nitaliweka mbele.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda Bunda kwa mwalimu Dorah, anayefundisha kompyuta. Nilikuwaga namshonea sare za kwaya. Mkristo, ila mtu mwema sana. Ameikagua programu, akaanza kuniogopesha. Eti mbona inaomba ruhusa ya kamera, ya maikrofoni, na majina yote yaliyomo kwenye simu? Nikamwambia mgeni mwenye adabu anabisha hodi kila mlango. Akacheka mpaka akavua miwani.

Akaniambia niweke kando nakala ya toleo linalofanya kazi. Niwape kwanza watu wachache, hapohapo wanapoishi, waitumie siku kadhaa. Mwisho akasema: "Fundi, chonde chonde, usiachie kitu kipya Ijumaa. Kikiharibika, wikiendi utalia peke yako."

Nilimshukuru kwa heshima. Moyoni, astaghfirullah! Ijumaa haifai? Siku bora kuliko zote! Hapo nikajua elimu yake ina mpaka.

Nitaiachia Ijumaa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeijaribu. Nikasogeza saa ya simu mbele, kengele ikalia, mbuzi wa jirani akakata kamba. Imefaulu.

Kwenye zana kuna mahali pa kuandika mji. Nimekuta wameshaandika Dar es Salaam. Nimepaacha. Jua ni moja, Tanzania ni moja. Nakala ya akiba sikuweka. Simu imejaa video za mawaidha, na mimi siwezi kufuta mawaidha mwezi mtukufu.

Kesho tunafuturu Bweri, hapahapa Musoma, kwa baba mkwe, Mzee Abubakary. Mzee huyu hajawahi kula mchana hata siku moja ya Ramadhani, hata alipolazwa na malaria. Na hajaacha kusema kwamba Mwanaharusi angeolewa na Twalha. Kesho ataona alimpa nani binti yake.

Ijumaa, 14 Machi

Ee Mola, nisitiri.

Mchana niliiachia, kundi lote la msikiti la mtandaoni wakapakua. Mashallah kila kona. Jioni Bweri, wingu zito, hakuna dalili ya jua. Tumekaa mkekani. Kengele ikalia, na sauti yangu mwenyewe: "Futuruni, enyi waja!"

Mzee akauliza mbona mapema. Nikamwambia: "Baba, hilo ni wingu tu. Mashine haidanganywi na wingu." Akapiga dua, akatia tende mdomoni. Mashemeji wakavuta uji. Mimi nikamega samaki, sato.

Basi wingu likafunguka upande wa ziwani.

Jua! Zima, jekundu, limekaa juu ya maji kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Hakuna aliyetafuna.

"Hamduni, lile ni nini?"

"Ni... ni jua, baba."

"Na linafanya nini pale?"

Mzee akaitoa tende mdomoni polepole, akaiweka kiganjani, akaitazama. Nusu yake haikuwepo. Tulikaa hivyo, mashahidi wa jua, mpaka likazama. Ndipo ikaja adhana. Muadhini wa zamu? Twalha! Tukaisikiliza kwa midomo yenye uji.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejifungia ndani. Kila simu iliyowafuturisha watu kabla ya wakati imeandikwa: "Kazi ya Hamduni Fundi." Nimewabebesha kundi zima deni la funga! Mzee kasema siku yake atailipa, ila mbele ya Mungu ataniita shahidi. Shahidi! Mwanaharusi kanipa mgongo. Anapiga pasi shuka lilelile tangu asubuhi.

Nimempigia Dorah. Akauliza niliandika mji gani. Nikamtajia. Akasema Dar iko mashariki, jua lao linatangulia letu kwa dakika ishirini na kitu, kuchomoza na kuzama. Nirudishe toleo la zamani. Sina. Basi niwaambie watu waizime. Nimewaambia. Wamenijibu mengi, sitayaandika mwezi huu.

Adhuhuri Twalha akapita dirishani na tende mkononi. "Karibu, fundi, kula tu. Kwako si jua limeshazama?"

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda Bweri kuomba radhi. Nimeshaandika Musoma mahali pa Dar. Mzee akanikalisha uani: "Kaa. Leo tunaliangalia sote." Jua likazama, kengele ikalia, adhana ikafuata. Sawasawa! Mzee akanipa tende kwa mkono wake. Karibu nilie.

Akanionya: "Kengele hii usimpe mtu asiyeliona jua hili."

Maneno mazito. Nadhani alimsema Twalha.

Ijumaa, 21 Machi

Hofu imenitoka, alhamdulillah. Nimefuta kabisa mahali pa kuandika mji, maana ndipo makosa yalipoingilia. Sasa kila simu, popote ilipo, inafuata jua la Bweri, lililothibitishwa na Mzee Abubakary. Nimeongeza na kengele ya kumaliza daku.

Dorah ameuliza kama nimeijaribu kwa watu wa mbali, na kama najua leo ni siku gani. Najua. Ni Ijumaa, siku yenye baraka.

Mdogo wake mke wangu, Safina, yuko Dar. Nimemtumia, naye kaisambaza kwa msikiti wao wote, na wa jirani. Sasa kaona saa za kesho, ananiuliza mbona kengele yangu ya daku itakuja nyuma ya adhana yao ya alfajiri. Nimemjibu asiogope, shemeji yangu. Muadhini wao anawahi. Huenda ni mtu kama Twalha.

Waendelee kula tu mpaka ilie.