Benchi la Juu na Kiwango cha Shimo la Saba

Jumatatu, 8 Julai

Mvua. Mbu. Nimechoka na wiki haijaanza. Klabu yetu ya kutupa visahani imenipa mimi, katibu, kazi ya kupitia viwango upya. Yaani kuamua kila shimo, mchezaji wa kawaida anatakiwa atupe mara ngapi hadi kisahani kiingie kikapuni. Kazi ya haki. Nimeipokea kwa moyo mweupe.

Mweupe, ila shimo la saba! Lile la kuvuka kinamasi. Kiwango chake ni tatu, mimi huchukua tano. Kwa sababu ya shimo hilo tu, kila kiangazi namaliza mzunguko juu ya kiwango. Kwa mtupo mmoja! Na desturi yetu haina huruma: tukiingia sauna, chumba chetu cha mvuke, baada ya mchezo, aliyemaliza chini ya kiwango hupanda benchi la juu, kwenye joto la kweli. Sisi wengine tunabaki benchi la chini, miguu baridi, tukidondokewa na jasho la Oiva.

Oiva ni tarishi mstaafu. Sijawahi kumwona chini.

Nimeandika: shimo la saba, kiwango tano. Usawa umepatikana.

Jumanne, 9 Julai

Kikao. Kahawa, maandazi ya iliki. Nikasoma viwango vyangu, nikauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna mkono uliopanda. Nikagonga meza haraka, imepita! Kumbe Oiva alikuwa anatafuna. Akameza, akasema taratibu kwamba kama katibu Ensio anatafuta tano akacheze karata. Watu wakacheka puani. Nilitamani meza inimeze.

Mwenyekiti Urpo, mfugaji wa ng'ombe asiyependa maneno mengi, akaamua: Alhamisi wote tutatupa shimo la saba, na wastani wetu ndio utakuwa kiwango.

Nimemweleza Hellevi. Mke wangu akasema hata sauna yetu ya nyumbani ina benchi la juu, na halina foleni. Haelewi. Benchi lisilo na mtu wa kukutazama akiwa chini lina faida gani?

Jumatano, 10 Julai

Nimewaza hadi kichwa kimeuma. Wakitupa vibaya, wastani unapanda. Watatupaje vibaya? Wakiteleza! Kila mmoja hukimbia hatua kadhaa juu ya mkeka wa kutupia kabla ya kuachia. Hellevi ana sabuni ya msonobari ya kufulia mazulia kule gatini, kando ya ziwa. Inateleza kuliko samaki.

Wazo la kitaalamu. Nimejipongeza kwa kipande cha soseji.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepaka mkeka mapema, safu nyembamba, isionekane. Wakaja wote. Nikarudi nyuma kwa adabu, nikasema wazee watangulie. Urpo akasema hapana, mwenye hoja ndiye anayefungua. Nikasema goti. Oiva akasema, aa, bwana, jana ulilikimbilia basi, goti limeumia saa ngapi?

Nikatupa. Yaani, kisahani kilikwenda kinamasini na mimi nikakifuata. Mgongo! Nimemaliza kwa mitupo tisa, suruali imejaa matope. Oiva akainama akanusa mkeka, akauliza tangu lini kinamasi kinanukia siku ya kufua. Nikajibu ni misonobari. Tuko msituni, jamani!

Lakini sikilizeni. Baada ya kuniona, hakuna aliyethubutu kukimbia. Kila mtu alitupa akiwa amesimama kama nguzo, kwa woga. Hata Oiva alichukua nne! Urpo akapiga hesabu kwenye kiganja. Wastani: tano.

Tano! Nimelia kidogo. Nimesema ni mgongo.

Jumamosi, 13 Julai

Nimelala kifudifudi siku nzima. Hellevi anatafuta sabuni yake. Nimesema huenda ni kunguru. Akaenda kuwasha sauna. Akaniita nipande juu, joto litanyoosha mgongo. Nimekataa. Najitunza kwa ajili ya mechi ya Alhamisi.

Alhamisi, 18 Julai

Mechi ya ligi. Mvua imeosha mkeka. Nimecheza nimepinda kama ndoano, kila mtupo nasikia mgongo ukilia. Shimo la saba: tano, kama kawaida yangu. Mwisho wa mzunguko: chini ya kiwango kwa mmoja! Mimi! Nilitaka kuimba ila pumzi haikutosha.

Nikajikokota hadi sauna, nikafungua mlango kwa heshima zote. Benchi la juu limejaa. Wote wako kule, wamebanana bega kwa bega. Hata Urpo, ambaye hatujawahi kumwona akipanda! Mkeka hauna sabuni tena, wakakimbia, wakamaliza shimo la saba kwa tatu, na kiwango ni tano. Kila mtu yuko chini ya kiwango. Oiva akaniita, karibu katibu, viwango vyako vizuri sana, ila nafasi imekwisha, kaa hapo ulipozoea. Halafu akamwaga maji kwenye mawe.

Nimekaa chini peke yangu. Nimedondokewa na jasho la klabu nzima. Inauma, siwezi kudanganya.

Lakini nimeshapata dawa. Kesho napeleka hoja mpya: shimo la saba lirudi tatu. Wote wanaoringa kule juu wataporomoka, na benchi litabaki wazi kwa ajili yangu.

Nimemuuliza Hellevi sabuni nyingine ameiweka wapi.