Injini Nazo Zina Pua

Kati ya soko na stendi palikuwa na mlima, na magari ya mji ule yalikuwa na tabia moja: yakifika katikati ya mlima yanachemsha. Dereva hushuka, huinua boneti, hurudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyefunua sufuria isiyo yake, kisha husimama na kopo la maji akimsubiri Mungu apoze. Wapita njia walisema "pole dereva" wakaenda zao. Mtu mmoja tu alisimama, akashika kiuno, na moyo wake ukajaa huruma. Alijihurumia mwenyewe, maana tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni.

Mtu huyo aliitwa Injinia. Jina hilo hakupewa na chuo. Alijipa siku aliyopata koti la buluu lenye mfuko wa kalamu, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kulibishia koti. Kuhusu injini alijua mambo mawili: kwamba aghalabu iko mbele, na kwamba ikitoa mlio usioeleweka, mwenye akili husimama mbali. Elimu hiyo aliiona inatosha.

Wiki hiyohiyo duka moja la vifaa vya ujenzi lilifungwa, na nyuma yake wakatupa maboksi ya vile vifuniko vya plastiki vyenye matundu ya kupitishia hewa, ambavyo mafundi hubandika kwenye kuta za choo. Injinia alivibeba vyote, akavipulizia rangi nyeusi, akanunua gundi, akarudi mlimani.

"Kaka," alimwambia dereva wa teksi aliyekuwa akipepea injini yake kwa kofia, "gari lako macho linayo, mdomo linao, hata masikio haya hapa ubavuni. Pua iko wapi?"

Dereva alilitazama gari lake kama analiona mara ya kwanza. "Pua?"

"Wewe ukipandishwa mlima huu umezibwa pua, utafika?"

"Sifiki."

"Basi unalilaumu nini?"

Dakika kumi zilitosha. Alibandika pua mbili, kulia na kushoto, juu ya boneti ambayo haikuwa na tundu hata la kupitisha uzi. Muda wote huo injini ilikuwa ikipoa yenyewe kwa kusimama, na hapo ndipo ilipolala siri ya biashara: Injinia aliuza subira, akaipaka gundi. Dereva akawasha, gari likapanda, honi ya shukrani ikalia. Liliporudi kuchemsha kesho yake, dereva alinyamaza kimya. Nani atakiri mbele za watu kwamba amelipia kifuniko cha choo? Wengine hata waliapa kwamba gari limekuwa jepesi.

Mambo yakaenda hivyo hadi alipokuja Mama Vifungo. Huyu alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na gari lake kuukuu lilibeba sare za shule na mapazia ya watu. Siku hiyo lilichemsha limejaa hadi kwenye dari. Injinia akamsomea somo lake lote la pua, bila kuruka hata mstari. Mama Vifungo alichukua kifuniko kimoja, akakiweka juu ya boneti, akagongagonga kwa kidole.

"Hewa inapita wapi, mwanangu?"

"Humu mama, kwenye matundu."

"Na chini ya matundu?"

"Chini ya matundu kuna... boneti."

"Nimeshona suruali miaka thelathini. Mfuko wa uongo naujua hata gizani. Toboa."

"Mama, kutoboa kuna hatari zake za kitaalamu..."

"Toboa, au niwaite wale wateja wako wawili pale juu tuwafunue pua zao tuone."

Madereva wawili wa teksi walikuwa wakitazama, kila mmoja na pua zake mbili. Injinia aliona jasho linamtoka hata magotini. Akamtumia ujumbe shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuchomelea, alete mashine ya kukatia bati.

"Umewahi kuishika hii?" shemeji aliuliza.

"Mara nyingi," alisema Injinia, akaishika kinyume.

Mama Vifungo ndiye aliyepima. Alipitisha kiganja juu ya boneti kama anayetafuta homa, akapata mahali panapowaka zaidi, nyuma kidogo ya rejeta, mbali na kioo. Akapachora kwa chaki yake ya kushonea. Injinia akakata, macho kayafumba nusu, cheche zikila koti lake, kisha akabandika pua mbili juu ya matundu.

Kesho yake Mama Vifungo alipandisha mlima na mzigo uleule. Joto lilipanda juu ya zile pua mithili ya mvuke wa chungu, gari likapita bila kikohozi. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa Injinia. Jioni alimwambia mkewe kwamba yeye ni kipaji kilichochelewa kugunduliwa, na la kutisha ni kwamba alijiamini.

Alipofika mlimani asubuhi alikuta foleni. Madereva wote, na pua zao.

"Mama Vifungo ametueleza," alisema yule wa teksi. "Kumbe kubandika ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kutoboa, na unafanya bure."

Injinia alipiga hesabu haraka. Kusema hakuna hatua ya pili kulikuwa sawa na kusema yote.

"Ni kweli," alijibu taratibu. "Nilikuwa nasubiri gundi ikauke."

Siku tisa alikata mabati bure. Mgongo ulipinda, vidole viliungua, na alipokuwa akikata, Mama Vifungo alikuwa akienda gari hadi gari akiwachorea wenye magari kwa chaki. Mwanamke mwema, watu walisema. Hata Injinia alisema.

Siku ya kumi mvua ikanyesha. Maji yaliingia kwenye yale matundu, yakamwagikia plagi, na magari yakazima mlima mzima. Kabla madereva hawajakubaliana wampige Injinia wapi kwanza, Mama Vifungo alitokea chini ya mwavuli na magunia mawili ya vifuniko vya turubai vyenye vifungo vya kubana. Vilienea kila gari sawasawa, kwani kila tundu mjini lilichorwa kwa chaki yake. Kwenye mvua hakuna anayeulizia punguzo. Magunia yakaisha kabla ya adhuhuri.

Injinia alimfuata hadi kibandani kwake, maji yakimchuruzika.

"Mama, na mimi nina haki yangu. Matundu ni yangu."

"Na mvua ni ya nani?" alisema Mama Vifungo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ukitaka hela, shika koleo lile ubane vifungo. Oda nyingine zimeingia."

Alibana hadi jioni. Akalipwa. Alizitazama zile noti njia nzima: kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuna aliyekuwa akimfukuza.

Mkewe alizipokea, akazigeuza. "Umemtapeli nani?"

"Nimefanya kazi. Nimebana vifungo kutwa kwa Mama Vifungo."

Mke akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha. "Baba watoto, uongo wako wa siku zote una akili kidogo. Huu wa leo umenitisha. Twende ukazirudishe kabla hawajaja kukufuata."

"Naapa kwa mama yangu!"

"Mama yako ana haki ya kupumzika. Twende."

Mama Vifungo alikuwa akifunga kibanda.

"Shikamoo mama, utuwie radhi," alisema mke, akimsukuma mumewe mbele. "Huyu ameniletea hela, anasema zimetoka kwako."

Mama Vifungo alizitazama noti, akamtazama Injinia, aliyekuwa akimsihi kwa macho yote mawili.

"Marahaba. Kweli, zilikuwa zangu," alisema, na hakusema uongo. Akazitia kwenye mfuko wa aproni. "Ubarikiwe mwanangu, wake kama wewe wamebaki wachache. Na wewe Injinia, kesho saa mbili hapa. Usichelewe."

Walirudi wakikanyaga matope. Mke alimshika mkono, jambo alilokuwa hajalifanya mwaka mzima.

"Umeona?" alisema. "Umekuwa mwaminifu mara moja tu, na kazi umepata."