Uji wa Kubandikia Picha

Jumatatu, 5 Mei

Nimepitishwa! Chama kimeniteua kugombea uenyekiti wa mtaa wetu hapa Kanyenye, baada ya yule wa zamani kuhamia kwa wanawe Nzega. Eti nimepita kwa sababu hakuna mwingine aliyechukua fomu. Maneno ya wivu hayo.

Nautaka ule muhuri. Miaka mingi nimekaa kwenye benchi la mwenyekiti nikisubiri barua ya utambulisho, naye yuko ndani anakunywa chai. Sasa chai nitakunywa mimi.

Mpinzani wangu ni Adinani, fundi cherehani, Muha wa Kigoma. Hana sera. Kazi yake kusalimia watu tu, shikamoo huku, habari za wagonjwa kule. Batuli, mke wangu, anasema hiyo ndiyo sera. Batuli hajui siasa.

Jumatano, 7 Mei

Picha zimetoka kwa mchapaji. Jicho langu moja limefumbwa, lakini jina linasomeka: NASSIBU, MTU WA WATU. Nimepika uji wa ngano wa kubandikia, sufuria nzima. Nimebandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, kwenye genge, na kwenye mlango wa shangazi Tunu, maana unatazama barabara na kila mtu hupita pale.

Shangazi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Anaumwa tangu Ramadhani. Akaniita kutoka kitandani, sauti imekwisha, akauliza kama nimemletea uji, maana amesikia harufu yake. Nikamwambia hapana shangazi, hii ni gundi. Akacheka kidogo. Akasema basi niingie tuongee. Nikamjibu nitakuja, uji unaganda.

Kura yake ninayo. Hiyo haina haja ya kuombwa.

Ijumaa, 9 Mei

Shangazi amefariki alfajiri. Inna lillahi. Nilikaa uani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nisijue nakwenda wapi. Sina mama mwingine. Na ile ndiyo kura pekee niliyokuwa na uhakika nayo.

Tunazika kesho, tunasubiri ndugu wa Igunga. Mchana akili ikanirudia. Mtaa mzima utakuwepo makaburini! Lakini mtendaji wa kata, dada Julieth, alipokuja kutoa pole akaonya hapo hapo kwamba atakayepiga kampeni msibani jina lake litakatwa. Tulikuwa wagombea wawili tumeketi mkekani. Aliniangalia mimi tu.

Ndipo nikapata wazo. Neno la mtani si kampeni! Nikaenda kwa Sabiri, Mzaramo anayeuza kahawa karibu na stesheni. Wanyamwezi na Wazaramo tu watani tangu enzi za misafara. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na ukikasirika wewe ndiye huna adabu. Nikamwomba amchambue Adinani mbele ya watu, mpaka aone haya kugombea. Kumchangamsha nikamhadithia na kisa cha uji. Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Afadhali ningezikwa mimi.

Kaburi lilipokuwa tayari, Sabiri akaruka ndani, akajilaza chali, akasema hatoki. Watu wakacheka, ndiyo desturi. Nikamkonyeza upande wa Adinani. Akaniuliza kwa sauti, kila mtu akasikia, namkonyezea nini, yule Muha hana utani naye hata chembe. Mtani wake ni mfiwa.

Nilisahau! Mtu mzima, Mnyamwezi wa kuzaliwa Tabora, nimekwenda kumwalika mtani kwa miguu yangu nikasahau kwamba nyama yake ni mimi!

Akaanza. Akasema babu zetu walibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa hadi Bagamoyo, lakini mjukuu wao huyu ameshindwa kuvusha bakuli la uji mlangoni. Akasema ndani mgonjwa ana njaa, nje mlango unalishwa. Watu wakacheka tena. Kisha wakaukumbuka ule mlango, na ile picha, na kicheko kikaisha chenyewe.

Sikuweza kukasirika. Hairuhusiwi. Nikaingiza mkono mfukoni nimpe chochote atoke, akakataa. Akataka nimwombe shangazi radhi. Nikaanza vizuri tu, kama mtu wa jukwaani, sauti ikakatika. Ilibidi Adinani anishike mkono tulipokuwa tunatia udongo.

Jioni Batuli akaniambia kwamba mke wa Adinani alikuwa akimpelekea shangazi uji kila asubuhi. Kumbe! Kampeni ya chini kwa chini kabla ya muda! Nimekwenda kumshtaki kwa dada Julieth. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole ya msiba kwa mara ya pili.

Jumapili, 18 Mei

Tumepiga kura. Adinani ameshinda. Mimi nimepata kura mbili, na moja ni yangu. Nilimuuliza Batuli kama ya pili ni yake. Akasema kura ni siri, akaendelea kupepeta mchele.

Jumanne, 20 Mei

Leo nilikwenda kubandua picha yangu mlangoni kwa shangazi. Sura imetoka, uji umekataa. Nimekwangua kwa kisu mpaka rangi ikatoka. Nikasukuma mlango, nikaingia. Kitanda kimeshaondolewa. Nikakaa sakafuni pale kilipokuwa, nikalia sana. Nilikuwa na mengi ya kumwambia.

Mwenyekiti Adinani alipita, akanikuta. Hakusema neno la uchaguzi. Akaniambia mzee Kornel wa kamati ya shule yuko hoi, hainuki, na angefurahi kuona watu.

Kamati ya shule! Nafasi itakuwa wazi wakati wowote.

Somo nimelipata, sirudii kosa la kusimama nje. Kesho nitakwenda kwa mzee Kornel, na safari hii nitaingia mpaka ndani. Picha zimebaki nyingi, na juu ya kitanda chake pana ukuta mzuri unaoonwa na kila anayekuja kumjulia hali.

Batuli ameikuta sufuria jikoni. Uso ukamchangamka, mara ya kwanza tangu msiba. Ameuliza kama huo ni uji wa mgonjwa. Nimemwambia asiutie sukari.