Atomu Tatu na Mashati ya Mzee Vidonge

Jumatatu, 4 Machi

Mambo yameharibika. Mzee Vidonge, yule mfamasia mstaafu wa mtaa wa pili, amekuja tena na shati lisilo na kifungo. Tena! Mtu gani huyu vifungo vinamkimbia? Shangazi akamshonea huku anacheka. Shangazi huwa hacheki akishona. Huwa ana pini mdomoni.

Niweke kumbukumbu sawa, kwa faida ya vizazi vijavyo. Shangazi ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Cherehani yake iko sebuleni, kompyuta yangu iko pembeni yake. Mimi nasomea kemia ya nadharia, yaani sichanganyi dawa wala sivunji chupa. Nakokotoa tu kwa nini atomu hushikana. Kushikana huko tunakuita kifungo. Basi Shangazi amewatangazia wateja wote kwamba mpwa wake anasomea udaktari wa vifungo, na kwamba ushonaji uko kwenye damu. Nimeshachoka kumsahihisha.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua! Nimelichunguza shati la Mzee Vidonge. Uzi haukukatika. Umekatwa. Kwa wembe! Mzee mzima! Nilitaka kumpa vidonge vyake pale pale, ila Shangazi alikuwa anammiminia chai. Akamuuliza kama sukari imekolea. Mimi mara ya mwisho kuulizwa habari za sukari nilikuwa na sare za shule.

Anamtaka Shangazi wangu, huyu. Mpango: nami nitakata. Shangazi akirundikiwa mashati yangu, atapata wapi muda wa kuposwa?

Alhamisi, 7 Machi

Nimekata vifungo vya mashati yote. Nikanogewa, nikakata na vya suruali, ikiwemo niliyoivaa kwenda chuoni. Nimetoa ripoti mbele ya Profesa mkono mmoja kiunoni. Akauliza kama naumwa. Nikasema mgongo. Akasema basi nikae. Nikasema nikikaa itakuwa balaa zaidi.

Ripoti yenyewe ni msiba. Nakokotoa atomu tatu za hidrojeni. Kompyuta huanza kwa kubahatisha elektroni ziko wapi, inajirekebisha, inarudia na kurudia mpaka namba zitulie. Zangu leo zimetulia, na jibu ni hili: atomu mbili zinashikana, ya tatu inasukumwa nje. Nimeitazama ile ya tatu kwenye skrini, iko pembeni peke yake. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 8 Machi

Shangazi ameshona vyote. Aliniuliza tu kama nimeuona mkasi wake mdogo. Nikasema sijauona. Ulikuwa mfukoni, na wakati nasema hivyo ukanichoma paja.

Mpango mpya: sayansi. Nimemfuata Mzee Vidonge kwenye baraza yake na picha ya atomu zangu. Nikamweleza kwamba watatu hawakai pamoja, lazima mmoja atoke, na kwamba sayansi haina huruma. Akavaa miwani. Akaitazama picha kwa adabu zote. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, naona ni nani kati yetu anafaa kutoka.

Nikaikunja picha yangu. Nikaondoka nachechemea. Akaniita, akanipa dawa ya kupaka pajani, akanionya nisilowanishe kidonda. Mtu huyu ni hatari sana. Unaweza ukampenda!

Jumapili, 10 Machi

Shangazi amenikalisha kitako. Akasema Mzee Vidonge amemposa, na moyo wake unataka kukubali, ila hatoi jibu kabla hajanisikia mimi. Nikamwambia ndoa ni kifungo cha maisha. Akasema kwa umri wake kifungo cha maisha kimebaki kifupi, hakimtishi. Nikamwambia vifungo vifupi ndivyo vigumu kuvunja, na hiyo ni kemia tupu. Tukacheka.

Akauliza kama nataka asiende. Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo au hapana. Mimi nikasema nasubiri matokeo ya kompyuta. Akanitazama weee, mpaka nikaangalia chini. Akasema haya, na yeye atasubiri matokeo.

Nampenda Shangazi kuliko mtu yeyote chini ya jua, na hilo ndilo jibu nililompa. Matokeo! Mjinga mimi.

Jumatano, 13 Machi

Profesa amefungua faili langu. Akauliza alama ya chanya iko wapi. Nikauliza chanya gani. Akashika kichwa. Ile inayoiambia kompyuta kwamba elektroni moja imeondolewa! Sikuiandika. Muda wote huu nimekuwa nakokotoa kitu kingine kabisa.

Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Atomu tatu zenye elektroni tatu hazikai, moja lazima itoswe. Ondoa elektroni moja. Mbili zilizobaki haziwi za mtu, zinazizunguka atomu zote, na zote tatu zinashikana. Nikaandika chanya. Namba zikatulia hata chai ya Profesa haijapoa. Pembetatu! Pande zote sawa, hakuna aliye pembeni!

Nimekimbia mpaka nyumbani, mkono kiunoni kwa mazoea tu. Nikamwambia Shangazi matokeo yametoka, aolewe. Nikamwonyesha pembetatu. Akauliza yeye ni ipi. Nikasema zote ni sawasawa, na hapo ndipo raha yake ilipo. Akauliza na hiyo iliyoondolewa ni kitu gani. Nikasema ni wivu wangu.

Akanikumbatia mpaka pini za kifuani mwake zikanidunga. Sikujitoa. Akasema habari ya mkasi aliijua tangu siku ile ile, na ya wembe wa Mzee Vidonge vilevile, na kwamba amechoka kupendwa na watu wasio na midomo. Siku nyingine nikimhitaji niseme tu, kwa sauti, kama watu wengine. Nimeapa. Kuanzia leo hila basi! Nimekuwa mtu mpya.

Jumapili, 31 Machi

Harusi imepita, na ilipendeza. Shangazi amehamia mtaa wa pili na cherehani yake. Sebuleni pamebaki mahali peupe, na nyumba iko kimya mpaka nasikia kompyuta ikipumua. Alipoondoka aliniwekea kiganjani ufunguo wa kwao. Akasema hakuna hodi, niingie muda wowote, na sahani yangu itakuwepo mezani.

Tangu asubuhi nimekaa nao. Nimemkumbuka mno. Lakini mtu wa elimu yangu ataingiaje tu nyumba ya watu, aseme amemkumbuka shangazi yake? Lazima iwepo sababu. Nimelifikiria suala hili kisayansi, kwa makini, nikazingatia kila kitu.

Nimeupinda ule ufunguo kwa koleo. Sasa itabidi niende nikagonge, niwaeleze kwamba umeharibika. Naondoka hivi sasa, kabla chakula hakijapoa.