Mizani Yenye Kinyongo

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefedheheshwa mbele ya kikundi kizima! Mimi, Suwondo, karani mkuu wa ofisi ya kata, mwana wa mfalme kwa miaka kumi na minne mfululizo katika mchezo wetu wa Siku ya Uhuru!

Bu Sumarni, yaani Mama Sumarni, mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu mwenye macho ya kipanga, alinizunguka mara mbili kama anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akatangaza. Mwaka huu mwana wa mfalme atapaa mbinguni kwa kamba na kapi. Mianzi ya kumnyanyulia imejaribiwa kwa magunia matatu ya mchele, kila moja kilo ishirini na tano. Walipoongeza la nne, mianzi ikalia. Kwa hiyo mwana wa mfalme asizidi kilo 75. Kupimwa ni Ijumaa ijayo, zahanatini. Akizidi, atacheza Mpishi Mnene wa kasri.

Wote wakanitazama mimi. Isipokuwa Hartoyo, mdogo wa mke wangu, aliyekuwa anautazama mkufu wangu wa kifalme. Shemeji huyo ana umbo la ufagio na akili za ufagio huohuo. Kilo 62 pamoja na viatu. Ameitamani nafasi yangu tangu zamani, najua.

Nyumbani nikapanda mizani. 78.2. Kilo tatu na kidogo. Upuuzi mtupu. Kilo tatu mtu huzitoa kwa kukunja uso.

Lastri, mke wangu, naye akapima, akasema atapunguza pamoja nami nisijione mpweke. Nikamshukuru. Nikamkumbusha kwamba jambo hili linataka nidhamu.

Jumamosi, 9 Agosti

76.9! Kilo moja na gramu mia tatu kwa kuruka chakula cha jioni kimoja tu! Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu Ijumaa nitakuwa na kilo 69. Itabidi wanifunge jiwe mguuni nisipitilize mawingu.

Nikajipongeza. Mabakuli mawili ya rawon kwa mama ntilie Bu Jumirah, ule mchuzi wake mweusi wa nyama ya ng'ombe, na tempe ya kukaanga, yaani soya iliyochachuka, na mayai ya chumvi mawili. Bakuli la pili lilikuwa mchuzi zaidi kuliko nyama. Mchuzi ni maji.

Lastri alikula nusu ya wali wake, akaenda sokoni kwa miguu. Mizani hakuigusa. Eti atapima Ijumaa kwa Ijumaa. Uvivu ulioje!

Jumapili, 10 Agosti

78.8! Zaidi ya nilipoanza! Nilipiga ukelele hadi Lastri akaja mbio na ufagio akidhani ni panya.

Halafu nikakumbuka. Mizani hii ilitoka kwa nani? Kwa Hartoyo! Zawadi ya Idi! Mtu gani mwenye nia njema humpa shemeji yake mizani?

Nikaanza uchunguzi. Jikoni, 78.8. Bafuni, 78.1. Barazani, mguu mmoja hewani, 77.5. Juu ya zulia la sebuleni, 70.4! Kumbe shida ni sakafu! Sakafu ngumu huusukuma uzito juu, zulia huuacha upumue. Hiyo ni sayansi, ingawa wataalamu wameificha. Nilishinda na furaha siku nzima, nikala kama mtu wa kilo sabini.

Jumatatu, 11 Agosti

79.3. Hata zulia limenisaliti: 72.

Nikaenda zahanatini kulalamika. Muuguzi Bu Wening, binti aliyezaliwa mwaka nilioajiriwa, alinisikiliza huku anaandika mambo mengine. Kisha akanipa darasa. Chumvi hushika maji. Choo kina uzito. Usingizi mbaya nao umo. Mwili unaweza kupanda na kushuka hata kilo mbili bila mafuta kuongezeka wala kupungua.

"Pima mara moja kwa wiki, Pak," akasema, angalau akiniita bwana. "Saa ileile, nguo zilezile, uandike. Usigombane na namba ya leo. Tazama mnaelekea wapi."

Tunaelekea wapi! Mimi si basi la Surabaya. Tena anasema nusu kilo kwa wiki inatosha sana. Kwa mwendo huo nitapaa mbinguni mwezi Oktoba, jukwaa limeshabomolewa, watazamaji ni kuku.

Basi. Kama mimi sishuki, Hartoyo apande. Anahitaji zaidi ya kilo kumi na tatu kwa siku nne. Ni kazi kubwa, lakini nimempelekea martabak tamu, ile chapati nene ya siagi na chokoleti na karanga. Boksi zima. Mkewe alipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama ninaumwa.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi boksi la pili kwa Hartoyo. Na jipya: jasho!

Saa sita mchana nikakaa uani juani. Koti la mvua, juu yake jaketi mbili, juu yake blanketi la Lastri, kichwani kofia ya sufu aliyotuletea binti yetu Nanik kutoka milimani. Nikatoka jasho kama bomba bovu. Saa nane nikapima: 77.6! Nikarudi juani kuendelea.

Hapo jirani Pak Gito akachungulia juu ya ukuta. Aliona mtu mzima amejifunika blanketi saa nane mchana, anatetemeka, mwekundu. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Alasiri mtaa mzima ulishajua nina homa ya dengi.

Wakaja kumwona mgonjwa. Wote! Ndizi. Machungwa. Keki tatu za yai. Bu Jumirah akaja na uji wa choroko wa tui la nazi, akakaa kitandani kwangu, akasema haondoki hadi bakuli liishe. Nikasema sina njaa. Akageuka akawaambia wenzake kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe. Pak Gito akaomba dua ndefu mno, akamtaja hadi marehemu babu yangu, na kila aliposema amina mtu alinisogezea kipande cha keki.

Lastri alisimama mlangoni, kitambaa mdomoni. Wageni walidhani analia.

Saa kumi na mbili: 79.9.

Jumatano, 13 Agosti

Boksi la tatu. Na nusu saa baadaye Hartoyo mwenyewe mlangoni, macho mekundu. Nikadhani amenigundua.

"Shemeji," akasema, "miaka ishirini nimeamini unanidharau."

Ni kweli namdharau. Nikamsogezea kiti.

"Kumbe unaumwa, umelala hoi, bado unanikumbuka mimi. Kila siku! Kaka yangu wa damu hajanifanyia hivyo."

Akalia. Mtu mwembamba akilia anatikisika mwili wote, kama mlingoti. Akaniambia sukari haimfai, daktari kamkataza, kwa hiyo maboksi yote amewapelekea wazee msikitini na kuwaambia yametoka kwangu. Wazee wananiombea. Halafu akaniambia habari yenyewe: hajawahi kuitaka nafasi ya mwana wa mfalme. Anaogopa kupanda juu. Hata kubadilisha balbu anamwita mkewe. Alichotaka siku zote ni kusimama jukwaani karibu nami, hata kwa kushika mwavuli. Anajitoa.

Nilimkumbatia. Ana mifupa mingi.

Kisha nikang'amua: sina mpinzani! Bu Sumarni hana mtu mwingine! Nikala chakula cha mchana kwa utulivu.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika mlango nimeufunga.

Tangu jana asubuhi sikunywa tone la maji. Nimenyoa kichwa. Nimekata kucha zote ishirini. Pete ya ndoa niliitoa kwa sabuni. Nikafika zahanatini na zulia begani.

Bu Wening akauliza kama tunahama.

Zulia akalikataa. Nikamweleza sayansi yake. Akalikataa tena. Nikapanda mizani yao juu ya sakafu yao, mbele ya kikundi kizima, nimeshikilia pumzi: 77.7.

Bu Sumarni akaandika neno moja kwenye daftari lake. Nililiona hata kwa mbali. Mpishi.

Kisha Lastri, aliyekuja kunishikia viatu, akasema kwa kuwa leo ni Ijumaa yake, naye apime. 57.9. Ijumaa iliyopita alikuwa na 58.6. Akasema "haya", akashuka, akaanza kukunja zulia langu. Bila kelele! Bila shangwe! Mtu hapungui namna hiyo.

Bu Sumarni akamtazama muda mrefu. Akauliza, bila kumtazama mtu mwingine, nani hapa anayajua maneno ya mwana wa mfalme.

Lastri, zulia mikononi, akasema mistari mitatu ya kwanza. Sauti ile sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Nyembamba, imenyooka, yenye amri. Mgonjwa mmoja wa malaria alikaa wima kwenye benchi.

Miaka kumi na minne amenishikia daftari jikoni nikikariri! Kumbe nilikuwa nafundisha jeshi la adui! Na sikuwa na hoja. Hapa Madiun wanawake wamecheza wana wa wafalme tangu enzi za bibi zetu, tena watu husema wana wa wafalme wa kike ndio wanaopendeza. Nimewahi kulisema mwenyewe. Lakini niliwasema wanawake wa nyumba nyingine.

Lastri akanisogelea. "Baba Nanik," akasema chinichini, "ukisema nisicheze, sichezi."

Wote wananitazama. Nilitaka kusema asicheze. Naapa nilitaka! Lakini sikunywa maji tangu jana, ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa kama stempu. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya "mmh", na kichwa kikainama chenyewe.

Wakapiga makofi. Hartoyo akalia tena. Lastri akanishika mkono, na machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu Nanik azaliwe. Basi ningefanyaje?

Bu Wening akaniletea maji. Nikanywa glasi sita. Nikapima kwa siri: 79.1. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 17 Agosti

Mazoezi tangu juzi, asubuhi hadi magharibi. Mpishi anakimbia mno! Anakimbizwa na bata, anaanguka na masufuria, anapanda ngazi mara tisa. Mtunzi alikuwa na chuki na wapishi. Sikupata hata nafasi ya kula sawasawa, wala ya kupima. Niliomba nivalishwe mto tumboni ili watu wajue ule unene ni wa kuigiza. Bu Sumarni akasema hauhitajiki.

Saa tisa alasiri mchezo ukaanza. Uwanja umejaa hadi juu ya kuta. Nilipotokea na bata, watu walicheka. Nilipoanguka, walicheka hadi diwani akaanguka naye kwenye kiti chake. Hartoyo, akiwa ameshika mwavuli, alicheka hadi akaufunga juu ya kichwa cha mfalme. Miaka kumi na minne nimewapa heshima na macho ya huzuni, wakanipa makofi ya kuagana na mgeni. Leo nimewapa makalio na bata, wakasimama wote. Mtaa huu hauna ladha kabisa.

Kisha Lastri akapaa. Mianzi haikutoa hata mlio. Alipanda polepole, mkufu wangu shingoni, mikono imefunguka, na uwanja mzima ukanyamaza, hata wauza karanga. Maelekezo yanasema Mpishi analia. Nililia kabla ya zamu yangu, na nikapitiliza.

Baadaye tulikaa kwenye ngazi za jukwaa, yeye bado na taji, tukila karanga za kuchemsha.

"Baba Nanik, umewahi kuuona mtaa wote kutoka juu?" akaniuliza. "Nyumba yetu ni ndogo sana. Lakini ua wetu ndio wenye kijani kuliko zote."

Nikamwambia taji limekaa upande. Nikaliweka sawa.

Niliporudi nyumbani nikaiona mizani pale kona, imetulia kama haijafanya kitu. Nikaitukana. Dakika kumi nzima! Nimeiita mbea, mzandiki, bati la kuezekea choo. Niliitukana hadi nikapata nafuu.

Jumatatu, 18 Agosti

76.8!

Bu Wening alipita ofisini, nikamwonyesha namba. Akafurahi kwelikweli. Akasema kutoka 78.2 hadi hapo kwa siku kumi ni vizuri kuliko alivyotarajia. Akasema nimekimbia siku tatu, nimekula kiasi, nimeacha kupanda mizani kila saa, mwili ukapata kupumua. Niendelee hivyohivyo, nirudi Ijumaa.

Nilimcheka hadi akaondoka. Wasomi hawa! Sababu iko wazi mbele ya macho yake na haioni. Mizani imetukanwa, imepata adabu. Basi! Kumbe ndicho kilichokosekana muda wote. Nilikuwa naipanda kwa unyenyekevu kama mtu anayeomba kazi.

Nimekula rawon kusherehekea. Mabakuli matatu.

Saa kumi na moja jioni: 78.4.

Imerudia ujeuri. Kesho naamka mapema, naanza na ukoo wa aliyeitengeneza.